Faida Hukaa kwenye Kununua na Kubeba: Mada kwa Wachuuzi wa Mazao wa Butembo na Manguredjipa



Watu wakiitwa kwenye semina ya biashara hutarajia kufundishwa kuvuta wateja: nyanya zipangwe vipi juu ya meza, mteja asemeshwe vipi, aongezewe matabishi kiasi gani. Hayo mnayajua kunishinda. Mimi nataka tuzungumzie sehemu ambayo mteja haioni kamwe. Mchuuzi wa mazao akifika mezani, faida yake imekwisha kuamuliwa. Iliamuliwa aliponunua shambani, na alipopakia mzigo kwenye moto, yaani pikipiki. Pale sokoni bei inajulikana kwa kila mtu, na jirani yako anauza kabichi ileile.

Tuiangalie barabara yetu. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na vilima vya Lubero vinatoa mazao ya baridi: kabichi, karoti, viazi, vitunguu, maharagwe. Karibu kilomita 100 magharibi, ukishateremka kupitia Kambau na Njiapanda, unaingia msituni, sekta ya Bapere. Huko Manguredjipa kuna mawese, mpunga, ndizi, muhogo, kakao. Kuna pia dhahabu, na mchimbaji hali dhahabu. Watu wanaoshinda shimoni hawalimi. Chakula chao chote hununuliwa. Kwa hiyo barabara hii moja inaunganisha nchi mbili zinazohitajiana kila siku, na hakuna mtu anayeweza kulima kabichi nzuri Manguredjipa wala kukamua mawese huku juu Kyondo.

Wazazi wetu waliielewa biashara ya namna hii zamani. Vwakyanakazi Mukohya, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1982 juu ya wafanyabiashara wa Butembo tangu uhuru, alikuta mji uliojengwa na watu walioanza na mitaji midogo, bila serikali kuwabeba. Maharagwe na mboga za milima hii zilikuwa zikipanda malori hadi Kisangani. Sifa ya wazazi hao Wanande katika biashara tumeirithi. Hesabu zao, wengi wetu hatukuzirithi.

Basi tufanye hesabu. Tarakimu nitakazotaja ni za mfano tu; kila mmoja aweke za kwake. Mama mmoja ananunua kabichi za dola 60. Moto inamlipisha 30 kuteremka. Vizuizi na tiketi ya soko, dola 5. Kula na kulala, 6. Anauza kwa dola 105. Akirudi nyumbani anasema ameuza vizuri, na kweli ameuza vizuri, lakini mkononi amebaki na dola 4. Wachimbaji wawili tu wakichukua kwa deni mboga za dola 5 kila mmoja wasilipe, ameingia hasara ya dola 6, huku meza yake ilikuwa imejaa wateja tangu asubuhi.

Sasa tumwache mama huyo aendelee. Dereva wa moto naye hataki kupanda Butembo bila mzigo. Mtu aliyedai 30 kuteremka atakubali 10 kupandisha bidoni mbili za mawese. Mama anazinunua kwa dola 40, anaziuza Butembo kwa 60, na dola 10 nyingine zinaingia. Safari ileile, mchuuzi yuleyule. Kwa maoni yangu, mchuuzi wa barabara hii anayerudi mikono mitupu hajaanza biashara bado. Anamfanyia kazi dereva.

Kuharibika kwa bidhaa ni sehemu nyingine ambapo pesa hupotea kimyakimya. Gunia la sombe likifungwa mchana, majani yakiwa bado na joto la jua, ukilifungua kesho yake unakuta katikati yamegeuka njano na yanatoa harufu kama yamechemshwa. Ya pembeni ni mabichi, ndiyo maana hukugundua wakati wa kupakua. Mwambie mkulima achume alfajiri, umande haujakauka. Fungeni kivulini, na mzigo usikazwe sana kwa kamba. Kabichi ziacheni na majani yake ya nje hadi mezani, hayo ndiyo yatakayochubuka barabarani. Nyanya zisiwekwe kwenye gunia, hata kama dereva atakasirika: zinataka sanduku la mbao, na zinunuliwe zikiwa zimeanza tu kuwa nyekundu. Ukiacha sanduku, mambo haya hayagharimu chochote isipokuwa kuamka mapema na kubishana na watu wawili.

Deni la machimboni linahitaji neno lake. Mchimbaji atakuahidi kukulipa shimo likitoa. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Shimo ndilo lisilo na uaminifu. Ukimlisha kwa deni mwezi mzima umekuwa mwenye hisa katika shimo lake, ila dhahabu ikitoka atakayeitwa kugawana ni PDG, mwenye shimo, hutaitwa wewe. Weka kikomo, kiandikwe, na kisipite faida ya safari moja. Usikopeshe mtaji.

Kuhusu pesa yenyewe nitasema mawili. Noti ya dola ikaguliwe kabla hujampa mteja bidhaa: ishike pembe zote nne, itazame kwenye mwanga, kwa sababu yenye mpasuko mdogo kama kucha itakataliwa na utakayempelekea, hasara ibaki kwako. La pili ni badiliko la franga. Katikati ya mwaka 2025 dola ilikuwa juu ya franga 2,800. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka chini ya 2,500. Aliyekuwa ameweka akiba yake yote kwa dola huku akinunua kwa wakulima kwa franga alijikuta na mtaji uliopungua bila kuibiwa na mtu. Akiba iwe katika pesa utakayonunulia bidhaa.

Akiba hiyo itoke wapi? Wengi mko kwenye kirimba, na kirimba ni kizuri: zamu yako ikifika unapata kiasi cha kununua gunia zima badala ya kuokota beseni kwa beseni. Ila kirimba hakiulizi mtoto wako ameugua lini. Hapo ndipo MUSO, chama cha kusaidiana, inapokizidi, kwa kuwa na kasha la kijani la mikopo na kasha jekundu la ugonjwa na msiba. Nimeona meza nyingi zikifungwa Butembo, na mara nyingi sababu haikuwa mshindani. Ilikuwa hospitali, au kilio. Mtaji ulitumika wote kwa wiki moja na hakuna aliyeweza kumlaumu mwenye meza.

Wamama walio na ndoa, sheria ya familia ilirekebishwa Julai 2016, na sharti la mke kuomba ruhusa ya mume ndipo afanye shughuli za kisheria liliondolewa. Elewaneni nyumbani, hilo ni jema. Lakini mtu akikuambia huwezi kuandikisha biashara yako bila barua ya mume, anatumia sheria iliyokufa.

Siwezi kuimaliza mada hii kama vile barabara ni salama. Mashambulizi ya waasi wa ADF yameingia Bapere, na Septemba 2025 makumi ya watu waliuawa Ntoyo, karibu na Manguredjipa, walipokuwa kwenye kilio. Barabara ikifungwa, bei ya kabichi huko chini hupanda sana, na daima yupo anayeshawishika kuifuata bei hiyo. Hakuna hesabu ya biashara inayoweza kuihalalisha safari hiyo, na sitaifanya hapa. Ninachosema ni kwamba mtaji wote usiwe upande mmoja wa barabara, na pesa itumwe kwa simu palipo na mtandao badala ya kufungwa kiunoni. Wakati wa kusubiri barabara ifunguliwe, nunueni pamoja. Mashirika ya wakulima COOCENKI, SYDIP na LOFEPACO yako hapahapa Butembo, yanawafahamu wakulima wa vijijini, na watu kumi wakinunua mzigo wa lori moja hawapangiwi bei kama mtu mmoja anayenunua gunia moja.

Kwa viongozi wa masoko nina ombi moja: kila franga inayochukuliwa, iwe sokoni au kwenye kizuizi, itolewe tiketi, kwa sababu mchuuzi hawezi kuandika gharama asiyoweza kuithibitisha. Kwenu wachuuzi, kabla ya chakula cha mchana kila kundi lichague bidhaa moja na kuandika bei ya kununua, usafiri, tiketi, iliyooza na madeni. Mtu asiandike bei ya kuuzia kwanza. Hiyo tutaijaza mwisho, pamoja, saa nane.