Kiti cha Ndugu Yetu



Wengi wetu twaijua vema safari ya Desemba. Shule zikifungwa, mabasi hujaa, na kila mwenye kwao hufunga mizigo. Sisi kwetu ni upande wa Maseno. Mwaka jana tulikusanyika jamaa yote, wa Nairobi na wa Mombasa, hata wajukuu waliokuwa hawajamwona nyanya yao. Yaani jamaa yote isipokuwa mmoja.

Jua lilipokuwa kali, baada ya chakula, tuliketi chini ya mwembe nyuma ya nyumba tukitazama ndege. Bwana wetu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake wawaangalie ndege, nasi mara nyingi twayahubiri maneno hayo bila kuinua macho. Nyuma ya jiko pana mti uliojaa viota vya kwera, wale ndege wa manjano wenye kelele. Dume ndiye afumaye. Huchana majani membamba, akayafunga kwa mdomo, kisha huning'inia chini ya kiota akipigapiga mabawa, akimwita jike aje akague. Jike huingia, hutazama, na asiporidhika huenda zake. Kiota kilichokataliwa hukauka, na dume hukibomoa akaanza upya. Watoto walicheka sana. Mjomba wao mmoja, ambaye bado hajaoa, hakucheka.

Lakini mama hakuwa akitazama kwera. Alikuwa akiwatazama mbayuwayu waliopita chini chini nyuma ya ng'ombe malishoni, wakidaka wadudu. Akauliza watokako. Tukamweleza kwamba hawa wenye koo jekundu hutoka Ulaya, baridi ya huko inapokaribia. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, naye huvuka jangwa la Sahara mpaka kwetu. Huku hawajengi. Ifikapo Machi na Aprili huondoka, na wengi hurudi chini ya paa lile lile walikozalia mwaka uliotangulia.

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na huyu wenu yuko Kisumu tu."

Hakuna aliyejibu. Kutoka Kisumu hadi kwetu ni nauli ya matatu moja. Sote twajua kwa nini haji. Ni habari ya mpaka wa shamba baada ya baba kufariki, na maneno yaliyosemwa mbele ya wazee. Tuseme kweli: maneno makali zaidi yalitoka kwetu. Na kipande chenyewe ni mistari michache ya mahindi. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Kila Krismasi mama hukiweka kiti chake, wala mtoto haruhusiwi kukikalia. Nasi hupita kando yake tukienda kuchukua chai.

Nabii Yeremia, katika sura ya 8, aliwataja korongo na mbayuwayu kuwa ndege waujuao wakati wao, akawalaumu watu wa Mungu ambao hawakujua. Tumelisoma fungu hilo mara nyingi kanisani tukidhani lamhusu yule aliye mbali. Pale chini ya mwembe lilitugeukia. Mbayuwayu akirudi akakuta dirisha la ghala limezibwa, atafanya nini? Ndugu yetu hakuisahau njia. Sisi ndio tuliomzibia.

Jioni ile tulimpigia simu. Iliita mpaka ikakatika. Asubuhi yake wawili wetu tukapanda matatu, tukabisha mlangoni pake. Mkewe akafungua, akatupa chai, akasema bwana yuko kazini. Tuliacha ujumbe kwamba mikonge ya mpaka itarudi pale baba alipoipanda, na kwamba tutaihamisha kwa mikono yetu wenyewe.

Tumeihamisha. Mbayuwayu waliondoka mwezi wa Aprili, na sasa wamerudi tena. Ndugu yetu hajaja bado. Mtukumbuke katika sala zenu, pamoja na mama.