Maji ya Pipeline Huanzia Aberdare

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa Pipeline, Embakasi



Mkazi wa hapa anajua bei ya mtungi wa lita 20 mifereji inapokauka. Anajua siku ya mgao, na anajua uzito wa mtungi huo ngazini hadi ghorofa ya sita. Lakini safari ya maji hayo huanzia mbali, katika Milima ya Aberdare. Kwa hivyo, mambo ya wanyama na miti ya huko ni mambo ya Pipeline pia.

Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare ilitangazwa mwaka wa 1950. Ina takriban kilomita mraba 767, na kilele kirefu zaidi cha milima hiyo, Satima, kina mita 4,001. Mito Chania na Thika hutoka huko. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994, huweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, nalo huipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Maji hayo husafishwa Ngethu, kisha mabomba huyaleta mjini.

Mlima huyashika maji vipi? Miteremko ya chini ina miti mikubwa, juu yake mianzi, na juu kabisa nyasi, lobelia na vinamasi. Matone ya mvua hupunguzwa nguvu na majani, udongo huyanywa polepole na kuyaachilia polepole. Ndiyo maana mito hutiririka hata wakati wa kiangazi. Msitu ukikatwa, mvua ile ile hushuka kwa kishindo ikibeba udongo hadi bwawani. Bwawa hupungua kina, na maji yenye tope huhitaji shabu nyingi zaidi kusafishwa.

Wanyama nao wana kazi. Ndovu hula matunda na kusambaza mbegu kwa kinyesi chake. Ndege na nyuki huchavusha maua. Kisha kuna bongo wa milimani, swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye porini hupatikana Kenya pekee. Waliosalia porini hawafiki 100. Bongo hupenda mianzi na vichaka vizito, na huwakimbia wawindaji, mbwa na wakataji miti. Akitoweka mahali, mara nyingi ni dalili kwamba msitu umeingiliwa.

Ujenzi wa ua wa umeme ulianza mwaka wa 1989, chini ya shirika la Rhino Ark, lengo la kwanza likiwa kumlinda kifaru mweusi. Ulikamilika mwaka wa 2009, ukiwa na urefu wa karibu kilomita 400. Wakulima wa viazi na mahindi walipata afueni dhidi ya ndovu. Hata hivyo, ua huo hukata njia ambazo ndovu walitumia kuelekea Mlima Kenya, na huhitaji kukarabatiwa daima. Wala hauzuii moto: Februari 2022, moto uliteketeza sehemu ya nyasi za juu.

Nje ya ua kuna mashamba. Mfuko wa Maji wa Upper Tana–Nairobi, uliozinduliwa mwaka wa 2015, huwasaidia wakulima kuchimba matuta na kupanda nyasi ya nepia ili udongo usiingie mitoni. Hivyo mnywaji wa mjini humsaidia mlinzi wa chanzo.

Ukweli usemwe: msitu mzima peke yake hauleti maji Pipeline. Mabomba yanayovuja, miunganisho haramu na watu kuongezeka kuliko mabomba ni shida za hapa mjini, na mkazi ana haki ya kudai zitatuliwe. Lakini hakuna bomba linaloweza kugawa maji ambayo mlima haukutoa.

Kila nyumba ina la kufanya. Anayenunua makaa na aulize yalikotoka, na atumie jiko linalookoa makaa. Anayeona bomba limepasuka na aripoti mapema. Na vikao vya umma kuhusu bajeti ya maji vinapoitishwa, viti visibaki vitupu.

Mtungi unaopandishwa ngazi leo ulikuwa mvua mlimani. Anayeubeba ana sababu ya kuuliza hali ya msitu ulioihifadhi mvua hiyo.