Hati ya Dhamana ya Gari Jipya Humlinda Nani?



Mtu anunuapo gari jipya hukabidhiwa vitu viwili: ufunguo na hati ya dhamana. Ufunguo huujaribu papo hapo. Hati huiweka garini bila kuisoma, kisha huondoka akiamini kwamba karatasi ile imeandikwa kwa ajili yake. Mazungumzo haya yahusu karatasi hiyo: jinsi ilivyotungwa hapo awali ili kumwondolea mnunuzi haki aliyokuwa nayo tayari, na jinsi mahakama na mabunge yalivyolazimika kuingilia kati. Mfano mkubwa watoka Marekani. Huko viwanda vya magari vilipata nguvu mapema, na ugomvi huu ulifikishwa mahakamani na kuandikwa kwa kirefu.

Mwezi Mei mwaka 1955, katika jimbo la New Jersey, mtu mmoja alinunua gari jipya aina ya Plymouth, lililotengenezwa na kampuni ya Chrysler, liwe zawadi kwa mkewe. Siku kumi baada ya kukabidhiwa, gari likiwa limetembea maili 468 tu, yaani karibu kilometa 750, mke alikuwa akiliendesha kwa mwendo wa kiasi katika barabara nzuri. Alisikia kishindo upande wa mbele. Usukani ukazunguka mikononi mwake, gari likakata kulia ghafla, likagonga bango la barabarani na kuparamia ukuta wa matofali. Sehemu ya mbele iliharibika vibaya hata haikuwezekana kuonyesha ni chuma gani kilikuwa na kasoro kabla ya ajali.

Walipodai fidia, muuzaji na kiwanda waliikimbilia hati. Nyuma ya mkataba, kwa herufi ndogo sana, kiwanda kilikuwa kimeahidi jambo moja tu: kubadilisha kipuri kibovu katika muda wa siku 90 au maili 4,000, kutegemea kipi kitatangulia. Mnunuzi alitakiwa akipeleke kipuri hicho kiwandani kwa gharama yake mwenyewe. Na kiwanda, baada ya kukichunguza, ndicho ambacho kingeamua kama kweli kilikuwa kibovu. Kesi ya ngedere hapo ilipewa nyani. Kisha likafuata fungu lililokuwa shabaha ya karatasi nzima: kwamba ahadi hiyo yachukua mahali pa ahadi nyingine zote, ziwe zimetamkwa au ziwe zimewekwa na sheria. Zaidi ya hayo, walidai kwamba mke si mnunuzi, maana hakutia sahihi mahali popote.

Hapa yafaa kutua kidogo. Sheria ya mauzo ilikwisha kusema, tangu zamani, kwamba mfanya biashara auzaye kitu huahidi, hata kama hakufungua kinywa, kwamba kitu hicho chafaa kwa kazi iliyokusudiwa. Gari ni la kuendeshwa. Lisipoendesheka, ahadi imevunjwa. Mnunuzi alikuwa na haki hiyo bila karatasi yoyote. Karatasi ndiyo iliyokuja kuiondoa, na ikaondoa kwa jina la dhamana. Kwa mkono mmoja ilimpa kipuri. Kwa mkono wa pili ikachukua haki ya kurudisha gari, haki ya kurudishiwa fedha, na haki ya kulipwa kwa kuumia.

Wala mnunuzi hangeweza kusema, “Basi, nitakwenda kwingine.” Hati ile ilikuwa imetungwa na chama cha watengenezaji wa magari kwa matumizi ya wote. General Motors, Ford na Chrysler, ambazo mwaka 1958 zilitengeneza asilimia 93.5 ya magari ya abiria nchini humo, zote ziliitumia. Aliyeikataa kwa Chrysler angeikuta ileile kwa Ford. Uhuru uliobaki ulikuwa wa kuchagua rangi.

Tarehe 9 Mei 1960 Mahakama Kuu ya New Jersey ilitoa hukumu katika kesi hiyo ya Henningsen dhidi ya Bloomfield Motors. Majaji walikataa kuiona hati hiyo kuwa ni mapatano ya watu wawili walio sawa. Walisema fungu la kufuta ahadi za sheria ni kinyume cha maslahi ya umma na kwa hiyo ni batili. Na mke, ingawa hakutia sahihi, alikuwa na haki ya kudai. Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Machi 1962, Rais Kennedy alipeleka Bunge la nchi hiyo ujumbe kuhusu haki za walaji. Siku hiyo ndiyo iadhimishwayo duniani hadi leo kuwa Siku ya Haki za Walaji.

Hata hivyo ushindi huo ulikuwa wa watu walioumia. Je, gari lisilomwumiza mtu, ila halitoki gereji? Huo ndio ugomvi wa kawaida, na ndio mgumu. Gari huzimika njiani. Hupelekwa kwa muuzaji. Fundi hulipima na kusema haoni kasoro. Wiki ya pili huzimika tena. Hubadilishwa kipuri. Mwezi wa pili huzimika tena. Muuzaji humwelekeza mnunuzi kiwandani. Kiwanda humrudisha kwa muuzaji. Wakati huo marejesho ya mkopo hayangoji: hulipwa kila mwezi kwa gari lililolala gereji. Kampuni haikatai kutengeneza. La hasha, iko tayari kutengeneza maisha yote! Kitu isichotaka ni kukubali kwamba gari hilo halitengenezeki.

Mwaka 1975 Marekani ilipata sheria ya nchi nzima juu ya dhamana, iitwayo Magnuson-Moss. Ilitaka hati ziandikwe kwa lugha inayoeleweka, na zitaje wazi kama ni dhamana kamili au yenye mipaka. Ilizuia kampuni itoayo dhamana ya maandishi kuzifuta ahadi za sheria. Iliruhusu pia mnunuzi anayeshinda alipiwe wakili na kampuni. Jambo kubwa, kwa sababu wakili aweza kula fedha nyingi kuliko thamani ya gari. Lakini hata mwenye dhamana kamili alitakiwa kwanza aipe kampuni nafasi ya kutengeneza, “mara zinazofaa.” Ni mara ngapi? Tatu? Kumi? Sheria haikutaja, na katika pengo hilo kila wakili wa kampuni alipata mahali pa kusimama.

Jimbo dogo la Connecticut ndilo lililoziba pengo hilo mwaka 1982, kwa kutaja hesabu. Kasoro ileile ikitengenezwa mara nne bila kupona, au gari likikaa gereji siku 30 kwa jumla katika kipindi cha mwanzo kilichowekwa, sheria huchukulia kwamba kiwanda kimekwisha kupewa nafasi ya kutosha. Hapo chatakiwa kubadilisha gari au kurudisha fedha. Wamarekani huliita gari la namna hiyo “limau”: lapendeza machoni, chachu mdomoni. Sheria hizo nazo zikaitwa sheria za malimau, na leo majimbo yote 50 yana sheria ya aina hiyo. Kasoro hazikukosekana. Katika majimbo mengi mnunuzi hutakiwa apitie kwanza baraza la usuluhishi ambalo kampuni yenyewe hulidhamini, na yako malimau yaliyorudishwa viwandani kisha yakauzwa tena katika jimbo jingine pasipo mnunuzi mpya kuambiwa.

Uingereza ilikawia zaidi. Mwaka 1984 mtu mmoja alinunua Nissan mpya. Baada ya wiki tatu na maili 140 injini ikakamata barabarani, kwa sababu tone la gundi ya kiwandani lilikuwa limeziba njia ya mafuta. Mahakama ilikubali kwamba gari halikuwa na ubora uliotakiwa na sheria. Lakini ilisema wiki tatu ni “muda unaofaa” wa kulikagua gari, na kwa kuwa muda huo ulikuwa umepita, mnunuzi hakuweza tena kulikataa. Alistahili fidia tu. Ilibidi kungoja hadi sheria ya mwaka 2015 ndipo hesabu ikatajwa: siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kupewa fedha zote.

Kesi hiyo yazihusu Tanzania na Kenya moja kwa moja. Sheria za mauzo ya bidhaa za nchi hizi zilitokana na ile ya Uingereza ya mwaka 1893, pamoja na maneno yaleyale ya “muda unaofaa.” Baadaye zimeongezwa nyingine: Tanzania ilitunga Sheria ya Ushindani mwaka 2003, yenye vifungu vya kumlinda mlaji, Kenya iliziweka haki za mlaji katika Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010, ikatunga sheria yake mwaka 2012. Lakini magari mengi yauzwayo huku yamekwisha kutumika, mengi yakitoka Japani, na dhamana ya kiwanda huwa imebaki kwa mwenyewe wa kwanza. Aliye karibu na mnunuzi ni mwenye yadi. Naye, kwa kuwa kuuza magari ndiyo biashara yake, hafungwi na hati ya Japani bali na ile ahadi isiyotamkwa ya sheria ya mauzo.

Ndiyo sababu risiti nyingi huchapwa maneno haya chini kabisa, kwa herufi ndogo: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya zamani iliwaruhusu wauzaji na wanunuzi kuziondoa ahadi zake kwa mapatano. Lakini risiti hutolewa baada ya fedha kulipwa, mapatano yakiwa yamekwisha. Na neno ambalo mnunuzi hakuonyeshwa kabla ya kulipa, ni vigumu kwa muuzaji kulithibitisha kuwa walipatana.