Fishi ya Mshahara Ikipotea

Leo tuongelee kodi ya mshahara.

Katika nchi yetu ya Kongo (DRC), mwajiri ndiye anayekata kodi hiyo kabla ya kukupa mshahara, kisha anaitangaza na kuilipa kwa DGI, idara ya kodi ya serikali. Kwa hiyo mama, baba, kama mwajiri hakukupa fishi ya mshahara, yaani karatasi inayoonyesha mshahara na makato, deni la kodi hiyo halihamii kwako. Lakini fishi ndiyo inayoonyesha kwamba pesa zilikatwa kweli, na bila hiyo ni vigumu kujua ni kiasi gani kilikatwa. Idai kila mwezi, bila haya. Ni haki yako katika Sheria ya Kazi (Code du Travail) ya 2002.

Mwajiri akikataa, au kampuni ikifunga milango? Kusanya ushahidi wote kwamba ulifanya kazi pale: mkataba, karatasi za benki, ujumbe wa pesa kwenye simu, kadi ya kazi, majina ya wenzako waliokuona kazini. Sheria inamruhusu mfanyakazi kuthibitisha mkataba kwa njia zote, hata kama hapakuwa na maandishi. Pita pia CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, uulize kama michango ya pensheni iliandikwa kwa jina lako. Michango isipoandikwa, ndipo wengi wanaumia uzeeni, na inasikitisha sana.

Halafu andika barua kwa mwajiri ukidai fishi zako, ubaki na kopi yenye sahihi ya kupokelewa. Akinyamaza, ipeleke kopi hiyo kwa mkaguzi wa kazi.