Kupaka Nyumba Rangi Upya Baada ya Mafuriko

Maneno ya mazungumzo kwa wakaazi wa maeneo ya kando ya Mto Tana kuhusu kuchagua rangi za ndani ya nyumba



Mto Tana huanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ukapitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha ukateremka Garissa, Hola na Garsen hadi baharini karibu na Kipini. Mvua ikizidi huko juu na mabwawa yakijaa, maji huwafikia watu wa huku chini hata siku ambayo kwao jua linawaka. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, wakati wa mvua za El Niño, yalifuatwa na mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Zipo familia zilizohama mara mbili ndani ya miezi michache. Waliorudi walikuta tope sakafuni, ukungu ukutani na mstari wa kahawia unaoonyesha maji yalipofika.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: mtu aliyepoteza mbuzi, mahindi na vitabu vya watoto, anawezaje kuzungumzia rangi ya ukuta? Jibu ni kwamba rangi si jambo la kwanza. Kwanza ni usalama wa nyumba yenyewe, choo, maji safi, paa, chakula na karo. Nyumba yenye ufa mpana au msingi uliochimbwa na maji iangaliwe na fundi wa ujenzi kabla ya mtu kulala ndani, na kabla ya shilingi moja kutumika kwa rangi. Na familia inayofikiria kuhamia mahali palipoinuka isimalize akiba yake kupamba nyumba inayokusudia kuiacha.

Lakini zamu ya rangi ikifika, nayo ina uzito wake. Watoto hulala wakitazama ule mstari wa kahawia. Mama hupika akiuona. Isitoshe, rangi iliyopakwa vibaya hubambuka baada ya muda mfupi, na pesa ambazo zingenunua unga huwa zimetupwa.

KABLA YA KUFUTA MSTARI WA MAJI

Mstari huo unachukiza, lakini una habari ndani yake. Kabla ya kuufuta, mwenye nyumba achukue futi kamba apime kutoka sakafuni hadi kwenye mstari, kisha aandike kipimo hicho pamoja na mwezi na mwaka, mahali pa kudumu kama vile juu ya fremu ya mlango kwa upande wa ndani. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati za shamba, dawa na mbegu viwekwe rafuni juu ya kipimo hicho. Fundi wa umeme naye asiweke soketi chini yake. Baada ya hapo ukuta unaweza kupakwa rangi bila kupoteza somo lililolipiwa kwa gharama kubwa.

UKUTA UKAUKE KWANZA

Kosa la kawaida baada ya mafuriko ni kupaka haraka ili kusahau haraka. Ukuta wa mawe au matofali huonekana mkavu kwa nje huku ndani ukiwa bado umeshika maji. Ukifunikwa na rangi ya mafuta, maji hayo hukosa njia ya kutokea, na rangi hufura malengelenge kisha ikabambuka. Kulingana na unene wa ukuta na upepo unaopita, kukauka huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi.

Kipimo chake ni rahisi. Kata kipande cha karatasi ya nailoni chenye upana wa sentimita 50 hivi kila upande, kibandike ukutani na ufunge pande zote nne kwa gundi ya karatasi. Kiache saa 24. Kikibanduliwa na kukutwa na matone kwa ndani, au ukuta uliokuwa chini yake umekuwa mweusi kuliko pembeni, bado haujakauka. Kama plasta ni mpya, ipewe wiki nne kabla ya kupakwa.

Unga mweupe unaotokeza ukutani ni chumvi inayotolewa na maji yanapokauka. Uondolewe kwa brashi kavu. Ukioshwa kwa maji, chumvi hurudi ndani na kutokeza tena.

Ukungu ni jambo jingine. Usipakwe rangi juu yake, maana utapenya. Uoshwe kwa sabuni na maji, kisha kwa dawa ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi huiita jiki, isiyozidi kikombe kimoja kwa lita 4 za maji. Anayefanya kazi hiyo avae glavu na barakoa, na madirisha yawe wazi. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa yenye sumu.

MWANGA NDIO UNAOCHAGUA RANGI

Watu wengi huchagua rangi kwa kutazama kadi ndogo dukani, chini ya taa kali. Rangi hiyo hiyo ikifika chumbani hubadilika. Ikishapakwa ukuta mzima huonekana nzito kuliko ilivyokuwa kwenye kadi. Kwa hiyo inunuliwe kwanza kiasi kidogo, ipakwe eneo la nusu mita kwa nusu mita kwenye kuta mbili tofauti, kisha familia iitazame asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwashwa. Kungoja siku moja hakugharimu kama kupaka chumba mara ya pili.

Nyeupe safi hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoigonga, ilhali rangi nzito kama buluu ya usiku au kahawia iliyokolea humeza sehemu kubwa ya mwanga huo. Kwa familia inayotumia taa moja ndogo ya sola, tofauti hiyo ni kubwa. Taa ile ile itamtosha mtoto kusoma katika chumba chenye kuta za rangi ya maziwa, lakini itamsumbua katika chumba chenye kuta nyeusi-nyeusi. Dari ikipakwa nyeupe, mwanga huongezeka zaidi.

Chumba chenye dirisha dogo kisipakwe kijivu, kwa kuwa kijivu kikikosa mwanga huonekana kama saruji iliyolowa. Rangi ya maziwa, manjano hafifu kama ndani ya ndizi mbivu, au nyeupe iliyotiwa manjano kidogo hukichangamsha. Chumba kinachopigwa na jua la magharibi kuanzia saa tisa mchana kina shida tofauti: manjano kali na rangi ya machungwa humfanya mtu aone joto limezidi. Kijani hafifu au samawati hafifu hutuliza macho. Hata hivyo ijulikane kwamba rangi ya ndani haipunguzi joto la bati. Kinachosaidia hapo ni dari, upepo na kivuli cha mti.

NANI ACHAGUE?

Rangi haiponyi msiba, na asitokee fundi au muuzaji wa kumwahidi mtu hivyo. Ila kuchagua kunaweza kumrudishia mtu kitu kidogo kilichochukuliwa na mafuriko, yaani uwezo wa kuamua jambo nyumbani mwake. Kwa miezi mingi kambini alikuwa akipangiwa hema, akipangiwa foleni, akipewa blanketi lisilo la chaguo lake.

Kwa sababu hiyo, wenye nyumba washauriane. Watoto waulizwe kuhusu chumba wanacholala. Wakichagua rangi kali mno, wapewe ukuta mmoja wa rangi hiyo na kuta tatu zibaki hafifu. Mzee asiyeona vizuri asaidiwe kwa kupaka fremu ya mlango rangi iliyo mbali na ya ukuta, ili auone mlango bila kupapasa.

Wapo watakaotaka nyumba irudi jinsi ilivyokuwa, rangi ile ile. Wapo wasiotaka kuona tena rangi yoyote inayofanana na maji ya tope. Wote wana haki. Pale ambapo familia imefiwa, jamaa wasimharakishe mjane au mzazi kubadilisha chumba cha marehemu. Chumba hicho kinaweza kusafishwa na kukaushwa kwa ajili ya afya, na rangi ikasubiri hadi mwenyewe aseme.

Pesa zikiwa chache, kisianzwe chumba cha wageni ili kuwaridhisha wapita njia. Kianze chumba ambamo watu wengi hulala. Chumba kimoja kilichopakwa vizuri ni bora kuliko vinne vilivyopakwa mkono mmoja mwepesi. Na kwa wanaopanga, ni vyema kuelewana na mwenye nyumba kwanza, kwa maandishi, kuhusu nani atagharimia na kama kiasi hicho kitakatwa kwenye kodi.

AINA YA RANGI NA KIASI CHAKE

Kwa ukuta uliowahi kufurika, rangi ya maji inafaa kuliko ya mafuta, kwa sababu huuruhusu ukuta kupumua zaidi. Desturi ya kupaka sehemu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta iliyokolea, kama katika madarasa ya shule, ina faida ya kuficha uchafu na kuoshwa kwa urahisi. Lakini sehemu hiyo ya chini ndiyo iliyonywa maji mengi zaidi. Basi isubiri hadi kipimo cha nailoni kitoke kikavu mara mbili mfululizo. Kwa sasa rangi ya maji inayoweza kupanguswa itatosha.

Nyumba za udongo hazihitaji rangi ya dukani. Udongo mweupe au mwekundu uliochekechwa na kupakwa kwa mkono hushikamana na ukuta wake kwa sababu ni ndugu. Chokaa nayo ni ya asili katika pwani hii. Nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, zilijengwa kwa matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Chokaa hupitisha unyevu, hung'arisha chumba, na ukali wake hauupendezi ukungu. Lakini huchoma macho na ngozi, hivyo mpakaji avae miwani na glavu, na watoto wakae mbali na ndoo.

Hesabu ifanywe kabla ya kwenda dukani. Chukua chumba cha mita 3 kwa mita 3, chenye kuta za kimo cha mita 2.4. Mzunguko wake ni mita 12, na eneo la kuta ni karibu mita 29 za mraba. Ukitoa mlango na dirisha, hubaki kama mita 25. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja juu ya ukuta laini. Kwa mikono miwili, chumba hicho kitahitaji lita 5 hivi. Fundi akisema lita 20, aulizwe nyingine ni za wapi.

Makopo ya rangi moja yachanganywe kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, kwa sababu rangi iliyochanganywa siku mbili tofauti inaweza isifanane. Kopo lifunguliwe mbele ya mwenye nyumba, na maji yatiwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Rangi iliyozimuliwa kupita kiasi hukauka kama vumbi na hutoka mkononi.

RISASI KATIKA RANGI

Jambo la mwisho ni la afya. Baadhi ya rangi, hasa za mafuta zenye manjano, nyekundu au kijani kikali, zimewahi kutiwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huathiri ubongo, na madhara yake hayarudi nyuma. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa katika rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Mnunuzi atafute kopo lililoandikwa kuwa halina risasi na lenye alama ya ubora ya KEBS, na aepuke rangi inayouzwa kwa kupimiwa kutoka pipa lisilo na jina.

Rangi ya zamani inayobambuka isikwanguliwe ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, ndipo msasa upite, ili vumbi lisiruke. Magamba yakusanywe yote, kwa kuwa mtoto anayetambaa huyatia mdomoni. Wajawazito na watoto wachanga walale kwa jirani hadi harufu iishe. Mabaki ya rangi na maji ya kuoshea brashi yasimwagwe mtoni wala kwenye mfereji wa shamba, maana mto huo ndio unaonywewa na walio chini.

Kwa mwenye kutaka kuanza wiki hii, kazi ya kwanza haihitaji pesa. Ni kupima mstari wa maji, kuandika kipimo juu ya mlango, kufungua madirisha na kubandika karatasi ya nailoni ukutani. Rangi itachaguliwa ukuta ukishasema uko tayari.

Sasa ni nafasi ya maswali.