Kitenzi Kilichotoka kwa Tabibu
Kitenzi cha Kiingereza foment, ambacho taarifa za habari hukitumia kwa maana ya kuchochea ghasia au uasi, kilianzia katika tiba, kwa kuwa asili yake ni neno la Kilatini fomentum, yaani kitambaa cha moto cha kukandia mahali panapouma, lililotokana na kitenzi fovere, kupasha joto. Kilipoingia katika Kiingereza kwenye karne ya 15, kilimaanisha kumkanda mgonjwa kwa maji ya moto. Maana ya uchochezi ilishika mizizi karne ya 17. Leo kitenzi hicho, kilichokuwa cha huruma kabisa, kimekuwa cha lawama, ambacho serikali huwatupia wapinzani wake, na ni nadra mtu kukitumia kuyaeleza matendo yake mwenyewe.