Hewa Sita: Majira na Maradhi katika Utabibu wa Kale wa China



Mwaka wa 541 kabla ya Kristo, mtawala wa dola ya Jin aliugua, na waaguzi wake wakanena kwamba kuna mizimu iliyomghadhibikia. Dola jirani ya Qin ikampelekea tabibu aitwaye He, naye, baada ya kumtazama mgonjwa, akatamka mbele ya wakuu kwamba maradhi yale hayakuletwa na mizimu wala na chakula, bali na kukosa kiasi katika mambo ya wanawake. Kisha akaeleza kuwa mbinguni mna hewa sita, nazo ni yin na yang, upepo na mvua, giza na nuru, na kila moja ikipita mpaka wake humzalia mwanadamu maradhi ya namna yake. Habari hii imehifadhiwa katika tarikhi iitwayo Zuozhuan, nami naitanguliza kwa kuwa hapo maradhi yanaondolewa katika ghadhabu ya wasioonekana na kutiwa katika nidhamu ya majira, ambayo kila mwenye macho aweza kuichunguza na, kwa hiyo, kuijadili.

Karne kadhaa baadaye, katika zama za Han, mikono mingi isiyojulikana ilikusanya kitabu kiitwacho Huangdi Neijing, kilichopangwa kwa namna ya mazungumzo baina ya Mfalme wa Manjano na mawaziri wake, na hasa Qi Bo. Humo, na katika sharhi za matabibu waliofuata, hesabu ya hewa ilikuja kutulia katika sita hizi: upepo, baridi, hari ya kiangazi, rutuba, yabisi na moto. Hizi si adui wa mwanadamu kwa asili yake, kwani bila upepo wa majira ya kuchipua mbegu haioti, na bila baridi ya kipupwe ardhi haipumziki. Hugeuka kuwa madhara pale zinapozidi, au zinapokuja si kwa wakati wake. Upepo, kwa kuwa ni mwepesi na hauna makao, hupendelea kichwa, shingo na uso, na uchungu wake huhama, leo begani, kesho gotini. Baridi hukaza na kugandisha, ndiyo sababu maumivu yake ni makali na hukaa mahali pamoja. Rutuba ni nzito, yenye kunata, hushuka miguuni, na maradhi yake hayamwachi mtu upesi. Yabisi huyaonea mapafu. Hari humtoa mtu jasho na kuitawanya pamoja nalo ile nguvu ya uhai waiitayo qi. Na moto waweza kuzaliwa na yoyote kati ya hizo ikikawia mwilini.

Lakini mtu atakayeishia hapo, akadhani kwamba Wachina walifundisha tu kuwa mvua huleta mafua, atakuwa hajaigusa fikra yenyewe. Sehemu ya kitabu hicho iitwayo Lingshu yauliza kwa nini watu wapigwe na dhoruba moja, huyu akaugua na yule asiugue, nayo yajibu kwamba hewa mbaya haina uwezo peke yake mpaka ikute upungufu ndani ya mtu. Chanzo cha maradhi, basi, hakimo mbinguni wala hakimo mwilini, bali katika kukutana kwa viwili hivyo. Na ndiyo maana tabibu aliyefuata mafundisho haya alilazimika kuuliza, pamoja na hali ya hewa, mgonjwa alilalaje, alikula nini, alihuzunika kwa lipi, alichoshwa na kazi gani. Tena kukutana huko si lazima kudhihirike papo hapo: baridi iliyomdhuru mtu kipupwe yaweza kujificha hata majira ya kuchipua ikatokeza kuwa homa. Mimi naiona fikra hii kuwa miongoni mwa zilizo bora katika tarikhi ya tiba popote duniani.

Mahali napo palihesabiwa. Kitabu hicho chasema kwamba watu wa pwani ya mashariki, walao samaki na chumvi, hupatwa na majipu, na tiba yao ni sindano za mawe. Wa kaskazini, wakaao katika upepo na barafu na kunywa maziwa, huingiwa na baridi matumboni, na tiba yao ni kuchomewa majani makavu ya pakanga juu ya ngozi. Wa kusini, penye ukungu na umande, hukakamaa viungo, na hao hutibiwa kwa sindano nyembamba.

Mafundisho hayo yalitiwa mtihanini na misiba. Zhang Zhongjing, mwishoni mwa enzi ya Han, aliandika kwamba ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200, na kwamba tangu mwaka wa 196, katika muda usiotimia miaka kumi, theluthi mbili yao walifariki, wengi wao kwa homa zilizohesabiwa kuwa za kudhuriwa na baridi. Kutokana na msiba huo alitunga kitabu chake, Shanghan Lun, ambamo mgonjwa mwenye homa anayetoka jasho na kuchukia upepo hutengwa na yule asiyetoka jasho, mwenye maumivu ya mwili mzima. Wa kwanza hupewa mchemsho wa vijiti vya mdalasini, tangawizi, kunazi na mizizi mingine, kisha hunyweshwa uji wa moto na kufunikwa hata atoke jasho jembamba. Kwa zaidi ya miaka elfu kitabu hicho kiliheshimiwa mno, na heshima hiyo, pamoja na kustahili kwake, ilikuja kuwagharimu watu maisha.

Mwaka wa 1641 uele ulienea Shandong, Zhejiang na majimbo ya miji mikuu miwili, na tabibu Wu Youxing akawaona wenzake wakishikilia dawa za baridi huku wagonjwa wakifa. Mwaka uliofuata aliandika Wenyi Lun, akadai kwamba maradhi yale si ya upepo, si ya baridi, si ya hari wala ya rutuba, bali ni ya hewa nyingine ya namna yake iingiayo kwa pua na kinywa; na kwamba hewa hizo ni nyingi, kwani ipo imwuguzayo ng'ombe isimguse kondoo, na imwuguzayo kuku isimguse bata. Hatuna haki ya kumfanya mgunduzi wa vijidudu, ambavyo hakuviona. Yatosha kwamba alikuwa na ushujaa wa kuyaamini macho yake mbele ya kitabu alicholelewa nacho, na kwamba utabibu wake ulikuwa na nafasi ya kumsikiliza: matabibu wa homa za joto waliomfuata, kama Ye Tianshi wa Suzhou, waliendeleza mjadala huo katika nchi ya rutuba ya Jiangnan.

Mjadala huu umetufikia hata sisi. Homa ya vipindi, waiitayo nue, Huangdi Neijing yaifasiri kuwa ni hari ya kiangazi iliyojificha mwilini ikaamshwa na upepo wa majira ya kupukutika majani. Mbu hatajwi; majira yametajwa sawasawa. Katika karne ya 4 Ge Hong aliandika kwamba dawa yake ni konzi moja ya mmea wa qinghao, ulowekwe majini, ukamuliwe, maji yake yanywewe yote. Hakusema uchemshwe. Mwaka wa 1971 Tu Youyou, alipokuwa akitafuta dawa ya malaria mjini Beijing na majaribio ya mmea huo yakimpa matokeo yasiyotulia, aliyasoma maelezo hayo tena, akashuku kwamba moto ndio unaoiharibu dawa, akaitoa kwa etha katika joto dogo. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto wanayopewa wagonjwa wa malaria katika zahanati zetu, Kigoma hata Lamu, imetokana na mmea huo, uliohifadhiwa kwa karne nyingi na watu waliokosea mwenye kuileta homa, ila hawakukosea wakati wake wala tiba yake.